Ua la matundu, kutoka Entebbe hadi Moroto

Nilidhani ni panya. Tulikuwa na miezi mitatu tangu tuhamie Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, na kila nilipopita kwenye kona ya sebule nilisikia harufu ya kitu kilichooza. Nikavuta makochi, nikainua zulia, nikamtuma mtoto achungulie nyuma ya kabati kwa tochi ya simu. Hapakuwa na panya. Harufu ilikuwa inatoka kwenye chungu cha maua, na nilipoishika monstera yangu shinani niitikise kidogo, ilinijia yote mkononi kama shina la muhogo lililoliwa na fuko. Chini hapakuwa na mizizi. Palikuwa na uji mweusi.

Nililia, nakiri. Watoto walinicheka, maana nani analilia jani?

Niseme kwanza kwamba mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu monstera haina cheo. Lipo nyuma ya nyumba, limeukumbatia mwembe, majani yake makubwa yamechanika kama yaliyopitiwa na mkasi, na kuku wanalala chini yake. Hakuna anayelimwagilia. Hakuna hata anayejua jina lake. Ni "lile ua la matundu" basi, japokuwa sijawahi kuona likitoa ua. Kwa sisi kila kilichopandwa na hakiliwi ni ua. Nilipoolewa na Mganda, mhandisi wa visima na mabomba, nikaja naye Entebbe, ndipo nilipoliona limewekwa sebuleni kwa watu, kwenye chungu kilichopakwa rangi, limefutwa vumbi kama runinga.

Langu nilipewa na Hajati, jirani yetu. Alikata kipande cha shina chenye vifundo viwili na mzizi mmoja wa hewani unaoning'inia kama kamba, akakifunga kwenye gazeti bichi, akaniambia, "Mwanangu, usikipende sana. Ukikipenda sana utakiua." Nilidhani ni maneno ya watu wazima tu.

Entebbe haikunifundisha lolote, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Mji umekaa ziwani. Hewa ina maji mchana na usiku, mvua haikai mbali, joto halizidi sana wala halishuki sana. Niliweka chungu barazani, chini ya paa, jua la moja kwa moja likiliona kwa saa moja tu asubuhi, na nikajiwekea ratiba: Jumatano na Jumamosi, kikombe kikubwa kimoja. Ua likanenepa. Kila mwezi au miezi miwili lilichomoa jani jipya lililojikunja kama mkeka, likifunguka lina matundu zaidi ya lililotangulia. Alfajiri nilikuta ncha za majani zina matone, na sakafu chini imelowa. Haukuwa umande, maana lilikuwa chini ya paa. Hajati alisema linatoa jasho. Ndivyo ilivyo, takriban: usiku hewa ikiwa imeshiba unyevu, majani hayawezi kupumua maji yakapotea hewani, na mizizi bado inasukuma kutoka chini, basi maji yanatafuta pa kutokea kwenye kingo za jani.

Jumamosi jioni tulikuwa tunakwenda bustani ya mimea pale ufukweni, ile iliyoanzishwa mwaka 1898. Watoto walifuata nyani, nami nilitazama miti. Nilikumbuka Amani, kule milimani kwetu Usambara, bustani iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ambako nilipelekwa na shule nikiwa darasa la sita nikarudi nimechoka na sikukumbuka kitu. Sasa nilianza kuona. Chini ya ile miti mirefu mwanga haupo na wala giza halipo. Jua linashuka vipande vipande, na majani mapana yanayokaa chini yanakula vile vipande. Monstera asili yake ni misitu ya namna hiyo, kutoka kusini mwa Mexico hadi Panama. Inaanza maisha yake chini, kivulini, kisha inaparamia shina la mti kuufuata mwanga. Haya niliyajua Entebbe lakini nilikuwa nayajua kama mtu anavyojua jina la mji mkuu wa Brazili. Hayakuwa na kazi.

Kisha baba watoto akapata kazi Kabale.

Lori la mizigo lilitutangulia, sisi tukafuata na gari dogo, chungu katikati ya watoto. Pale Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta, tulisimama kupiga picha kama wapitaji wote. Kwenye ile picha nimesimama mguu mmoja kaskazini, mguu mmoja kusini, na ua mikononi. Nitairudia picha hiyo.

Kabale iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Wenyewe wanaiita Uswisi ya Afrika, na kwa mtu wa pwani hilo jina si la kujivunia, ni onyo. Asubuhi ukungu unajaa mabondeni kama maziwa kwenye bakuli. Unaona vilele tu. Usiku joto linashuka hadi nyuzi 10 hivi, na Juni na Julai unalala na soksi. Nikaweka ua kwenye kona ya sebule ambako niliona pazuri kwa macho yangu, mbali na dirisha, na nikaendelea. Jumatano na Jumamosi, kikombe kikubwa kimoja.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe nililiona dogo mno hata sikulihesabu kama kosa. Sikubadilisha chochote. Kumbe kila kitu kilikuwa kimeshabadilika. Kwenye baridi mmea unapunguza kula na kunywa. Kwenye kona yenye giza unapunguza zaidi. Na udongo wenyewe haukauki maana hakuna joto la kuukausha. Maji ya Jumatano yalikuwa bado yamo chunguni Jumamosi, nami nikayaongezea mengine. Mizizi nayo inahitaji hewa. Ukijaza maji kila kitundu cha udongo umeiziba pumzi, na mzizi usiopumua unakufa, kisha vijidudu vya uozo vinaingia.

Majani ya chini yalipoanza kuwa ya manjano, nilisema lina kiu. Nikaongeza Jumatatu! Yalipotokea mabaka meusi yaliyolowa, nilisema linaona baridi, na hapo angalau nusu nilikuwa kweli. Nikalisogeza karibu na sigiri tuliyokuwa tunawasha jioni. Upande ulioelekea moto ukakauka, upande wa pili ukaendelea kuoza. (Na hiyo sigiri ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha ni hatari kwa watu kabla ya kuwa hatari kwa maua. Moshi wake usioonekana unaua familia nzima usingizini. Tuliacha.)

Siku ile ya panya asiyekuwepo, mama jirani alikuja kuazima chujio akanikuta nimekaa sakafuni na lile tope. Yeye ni Mkiga, Kiswahili chake alijifunza kwa biashara ya viazi mpakani Katuna, kinatembea kwa magongo lakini kinafika. Akaniuliza nilikuwa nalinywesha mara ngapi. Nikamwambia. Akatazama dirishani, ukungu bado haujapanda.

"Wewe asubuhi hapa unakunywa maji baridi?"

"Hapana, nakunywa chai."

"Mimi nakunywa bushera, uji wetu wa mtama, ya moto. Hata maji sitaki kuona mpaka saa sita. Sasa wewe unampa huyu."

Hakusema zaidi. Alichukua chujio lake akaenda zake.

Nilikata palipobaki pazima. Shina nililipitia kidogo kidogo kwa kisu nilichokipitisha motoni, nikikata mpaka nikaona nyama nyeupe isiyo na doa la kahawia, nikapata vipande vitatu, kila kimoja na kifundo. Kifundo ndiyo siri. Jani peke yake utaliweka kwenye maji mwaka mzima, litatoa labda mizizi miwili mitatu, lakini halitazaa mmea. Nikapaka unga wa mkaa kwenye majeraha, nikaacha yakauke usiku mmoja, nikaweka kila kipande kwenye chupa ya maji dirishani. Maji nilibadilisha kila siku ya pili. Entebbe mizizi ingetoka baada ya wiki tatu. Kabale nilisubiri wiki nane, na viwili kati ya vile vitatu viliharibika. Kilichopona kilikuwa kile chenye mzizi wa hewani. Tangu siku hiyo sikati kipande kisicho na kamba hiyo.

Kuhusu udongo nilibadilisha kabisa. Mume wangu alikuwa anakwenda Kisoro kikazi, na kule chini ya volkano za Muhabura na wenzake ardhi imejaa mawe meusi mepesi yenye vitundu kama sponji. Nilimwomba aniletee gunia. Alidhani nimepungukiwa akili, kisha akaleta. Niliyaponda kwa nyundo yakawa kama punje za mahindi, nikachanganya nusu yake na udongo wa juu wa msituni na maganda ya kahawa yaliyozeeka. Maji yakimwagwa juu yanatokea chini papo hapo, na katikati pamebaki unyevu na hewa. Chungu nilichagua cha udongo wa kufinyanga kisichopakwa rangi, maana kinavuja jasho ubavuni na kusaidia kukausha. Na ratiba niliitupa. Badala yake nilichukua kijiti cha mshikaki, nikakichomeka hadi chini. Kikitoka na udongo uliogandamana, nasubiri. Kikitoka kikavu, namwagilia, tena maji yaliyokaa ndani usiku kucha, si yale ya bomba yanayouma vidole. Kuna nyakati zilipita wiki tatu bila tone. Nilikuwa napita pembeni yake mikono nyuma kama mtu aliyekatazwa sukari.

Na kona niliiacha. Jua la Kabale asubuhi halina nguvu mpaka ukungu upande, kwa hiyo niliweka chungu dirishani kabisa, mashariki, na usiku nikakivuta ndani kisigusane na kioo.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa Birmingham, naye kanunua monstera dukani, imekuja na kikaratasi cha maelekezo. Akanitumia picha yake. Kilisema: karibu na dirisha la kusini, punguza maji wakati wa baridi. Nililicheka lile neno "wakati wa baridi", maana kwangu baridi haikuwa wakati, ilikuwa mahali. Lakini alinieleza mambo ambayo sikuyajua: kwamba Desemba kule mchana mzima haufiki urefu wa saa nane, kwamba nyumba ina mabomba ya joto ukutani yanayokausha hewa mpaka midomo inapasuka, na kwamba ua lake linaoza chini na kukauka juu kwa wakati mmoja. Yaani alikuwa na Kabale yangu na sigiri yangu vyote ndani ya chumba kimoja. Nikamkumbusha kwamba wazungu wana ua letu lingine madirishani, lile dogo la zambarau ambalo mtawala Mjerumani wa Tanga alilitoa Usambara mwaka 1892 akalipeleka kwao, na linaishi raha mustarehe. Akanijibu kwamba basi labda wanajua kulea maua ya watu kuliko sisi tunavyojua kulea ya wenyewe. Hatukuongea wiki nzima.

Kabale tulikaa miaka mitatu. Ua likafikisha majani saba, madogo, mazito, ya kijani iliyokolea. Nikaona nimehitimu.

Kisha tukahamia Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda, nayo ikanirudisha darasa la kwanza.

Safari yenyewe ilikuwa ya mabasi mawili. Ua nililifunga kwa kanga kutoka shinani hadi juu, likawa kama bibi harusi, na konda wa basi la pili, pale Mbale, akasimama mbele yangu. "Mama, huyu naye ana kiti chake?" Nikampakata. Kilomita zote zile, barabara ikitikisa, jani moja likakatika na mawili yakakunjika.

Sasa sikiliza jambo ambalo lilinichanganya. Moroto haiko chini kama Tanga. Iko karibu mita 1,400, mlima umesimama nyuma ya mji, na joto lake la mchana Januari si geni kwa mtu wa pwani. Nilitarajia monstera ifurahi. Imetoka friji, imefika jikoni. Nikaiweka barazani, kama Entebbe. Nikarudisha Jumatano na Jumamosi, kwa tahadhari, kijiti cha mshikaki mkononi. Siku ya nne majani yaliyoelekea magharibi yalikuwa na mabaka meupe ya kuungua, yamekakamaa kama karatasi. Hilo lilikuwa jua la alasiri, kosa la mtu asiyetazama. Jani lililoungua halirudi. Unaweza tu kulikata au kulivumilia.

Lakini hata nilipolisogeza ndani, kingo zilikuwa zinakauka, rangi ya chai, na jani jipya lilikwama katika ganda lake likatoka limechanika vibaya. Udongo ulikuwa na unyevu. Mizizi ilikuwa myeupe. Nini tena? Baba watoto ndiye aliyenipa jibu, akiwa hajui amenipa. Alianika shati saa moja jioni, akalivaa saa mbili. "Hapa hewa ina kiu kuliko watu," akasema. Tanga nyuzi 32 zina bahari ndani yake. Shati halikauki siku mbili. Moroto nyuzi hizo hizo hazina kitu, na miezi ile ya kiangazi upepo mkavu unavuma kutwa na vumbi lake. Mmea unapoteza maji majani kwa kasi ambayo mizizi haiwezi kuifikia, hata ukiuweka miguu kwenye bwawa. Nilikuwa nimeshughulika na joto na maji ya chunguni, lakini hewa sikuwahi kuifikiria, kwa sababu maishani mwangu mwote ilikuwa imejaa.

Na kile chungu cha udongo kilichoniokoa Kabale sasa kilikuwa kinaniibia. Kinavuja jasho ubavuni, ndiyo, lakini Moroto kinavuja mpaka ndani kunabaki jivu. Nikalihamishia kwenye ndoo ya plastiki iliyokuwa ya rangi, niliyotoboa chini kwa msumari wa moto. Mawe ya Kisoro nikayapunguza yakabaki robo. Mtu angenikuta Kabale nikifanya haya ningemwambia unaua.

Nilianza kunyunyizia majani maji, asubuhi na jioni, kwa chupa. Mzee wa geti, Mkaramojong mtu wa makamo aliyewahi kufanya kazi kambini na Kiswahili chake ni kile cha amri, alikuwa ananitazama siku zote hizo. Siku moja akauliza.

"Mama, hii inaliwa?"

"Hapana, mzee. Hailiwi."

"Mbuzi wanakula?"

"Hapana, ina sumu kidogo."

Akalitazama muda mrefu. Nyuma yake, nje ya geti, wanawake walikuwa wanapita na majerikeni kichwani kutoka kisimani, foleni ambayo ilianza kabla ya alfajiri.

"Basi inakunywa maji ya nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina zuri. Nililiweka chini lile chupa la kunyunyizia. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba hata lenyewe halikuwa na faida kubwa. Yale matone yanakauka baada ya dakika chache na hewa inarudi ilivyokuwa. Kwa hiyo nililihamisha ua kwenye ujia wa nyuma, ambako tunapanga mitungi na majerikeni ya maji, ambako hakuna upepo na mwanga unaingia kwa dirisha la juu. Nikasogeza na mimea mingine miwili mitatu niliyokuwa nayo, ikabanana. Ikiwa pamoja inatengenezeana hewa. Na maji yake yakawa yale yaliyokwisha kufanya kazi: ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga. Ya sabuni hapana.

Mbuzi wa mtu aliingia siku moja akathibitisha maneno yangu mbele ya mzee. Alilimega jani, akatafuna mara mbili, akaanza kutikisa kichwa na kutoa ulimi. Ndani ya shina na majani kuna vichembe vyenye ncha kama sindano, vinachoma kinywa. Ndiyo maana watoto wadogo hawaachiwi. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo alikuwa akilisalimia.

Mawili mengine ya Moroto niyataje kwa haraka. La kwanza ni utitiri mwekundu. Unapenda ukavu. Majani yakaanza kuwa na vidoti vya rangi ya mchanga, na chini ya jani nikaona utando mwembamba kama wa buibui mtoto. Nilifuta kila jani, hasa upande wa chini, kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ya mche, nikasuuza, nikarudia kila baada ya siku nne tano, maana mayai yanaanguliwa wewe ukijisifu. Wiki tatu ukaisha. La pili ni ukoko mweupe juu ya udongo na ukingoni mwa ndoo. Nilidhani ni ukungu wa uozo, moyo ukaruka. Baba watoto akalamba kidole, akagusa, akasema ni chokaa. Maji ya kisima kirefu yamepita kwenye miamba, yamebeba madini, maji yanapanda hewani na madini yanabaki, na yakizidi yanaunguza ncha za mizizi. Aprili mvua za kwanza ziliponyesha nilitoa ndoo nje ikanyeshewa mchana kutwa, maji yakipita juu hadi chini, mpaka yaliyotoka matunduni yakawa safi. Jani lililofuata lilikuwa la kwanza kufunguka zima tangu tufike. Miaka miwili tuliyokaa kule, sikuwahi kuona hata tone moja kwenye ncha zake alfajiri.

Sasa tuko Kampala, ghorofa ya pili, madirisha mawili, moja kaskazini na moja kusini. Nilipofika nilikumbuka kile kikaratasi cha Birmingham: dirisha la kusini. Nikaliweka kusini. Ilikuwa Mei. Wiki zikapita na hakuna jani jipya, na lililopo likaanza kurefusha shingo kuelekea sebule, yaani kuelekea dirisha la kaskazini. Nikaligeuza. Likageuka tena. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye ile picha ya Kayabwe, mguu huku mguu kule, ndipo nikasimama na kitambaa mkononi. Birmingham jua liko kusini mwaka mzima. Sisi tumekaa karibu juu ya mstari. Jua linapita utosini, kisha kuanzia mwishoni mwa Machi hadi karibu na mwisho wa Septemba linalalia kaskazini, na miezi mingine linalalia kusini. Nyumba moja ina upande wa mwanga unaohama. Tangu hapo mara mbili kwa mwaka nalibeba kutoka dirisha hadi dirisha, na Juni na Desemba, jua linapoingia ndani zaidi, naweka pazia jepesi kati yao. Watoto wanasema ua lina nyumba ya likizo.

Nililisimamishia pia mti wa kupandia, gongo nililolizungushia makumbi ya nazi niliyobeba Tanga kwenye begi, na ofisa wa forodha mpakani aliniuliza nafanya biashara gani. Mizizi ya hewani imeshika makumbi, majani yameongezeka upana na yale matundu ya Entebbe yamerudi.

Mwezi uliopita baba watoto aliamka akakuta maji kwenye vigae vya sebule. Kidogo, kama kikombe cha kahawa. Alikausha. Kesho yake, tena. Mhandisi wa maji wa miaka 20 hawezi kukubali bomba livuje nyumbani kwake. Akafuatilia bomba la jikoni, la bafuni, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole akisikiliza, akawalaumu mafundi waliojenga ghorofa. Usiku wa tatu akafunga valvu kuu, tukaoga kwa ndoo. Mimi nilikuwa nimeshajua tangu siku ya kwanza, na Mungu anisamehe, nilinyamaza. Ilikuwa imenyesha wiki nzima, hewa imelowa, madirisha yamefunga ukungu.

Alfajiri nilimkuta amepiga magoti na tochi, ufunguo wa bomba mkononi, anatazama vigae vilivyolowa, valvu imefungwa. Tone lilimwangukia upaani. Akapapasa, akainua uso taratibu, akaona ncha za majani yote tisa zinang'aa.

"Nenda kafungue maji," nikamwambia. "Watoto wanachelewa shule."